Baraza la Klabu za Kuteleza Kwenye Barafu: Je, Ada Yake Inalipa?

Nchini Marekani, klabu nyingi za mchezo wa kuteleza kwenye barafu kwa sanaa huendeshwa na wazazi wanaojitolea, na uwanja wanaoutumia si mali yao, bali huukodi kwa saa, mara nyingi alfajiri au usiku wakati timu za hoki haziuhitaji. Ndiyo maana klabu za eneo moja huungana katika baraza, kila moja ikitoa mjumbe na ada ya mwaka. Tathmini hii inahusu huduma ambayo klabu yetu ndogo imeipata kwenye baraza la namna hiyo. Haihusu shirikisho la taifa, U.S. Figure Skating, lililoanzishwa mwaka 1921, ambalo ndilo hutunga kanuni.

Huduma ya kwanza, ambayo wazazi wengi hawaioni kabisa, ni ratiba. Kabla ya msimu kuanza, wajumbe huketi na kupanga tarehe za mashindano na za mitihani ya ngazi, ili klabu mbili jirani zisigongane wikendi moja, kwa sababu zikigongana washiriki hugawanyika ilhali kodi ya uwanja inabaki ile ile, na zote mbili huishia na hasara. Vikao hivyo vinachosha mno, lakini kama baraza lingefanya hilo tu, bado ningeshauri tulipe.

Kwenye suala la waamuzi, baraza letu linastahili sifa zaidi. Baada ya kashfa ya majaji katika Olimpiki ya Salt Lake City mwaka 2002, Shirikisho la Kimataifa la Kuteleza Kwenye Barafu, ISU, liliacha alama za kale zilizoishia 6.0 na mwaka 2004 likapitisha mfumo mpya, ambao sasa unampa kila jaji nafasi ya kupima ubora wa kila mruko na mzunguko kuanzia -5 hadi +5. Ni mfumo wa haki zaidi, ila una gharama: mbali na majaji, anahitajika mtaalamu wa kiufundi na msaidizi wake, mdhibiti wao, mwingizaji wa data na mwendeshaji wa marudio ya video, pamoja na kompyuta na kamera. Klabu yenye watoto wachache haiwezi kumudu hayo peke yake. Baraza letu lina vifaa vyake na huviazimisha kwa klabu wanachama, tena pamoja na mtu anayejua kuviendesha.

Vilevile hulea majaji wapya. Mwanafunzi huketi karibu na jopo, ameshika kalamu kwa vidole vilivyokufa ganzi, akiandika alama zake ambazo hazihesabiwi, kisha jaji mzoefu humuuliza kwa nini aliuona ule mruko kuwa mzuri ilhali video inaonyesha mguu umetua kabla mzunguko haujakamilika. Sijaona semina inayofundisha vizuri kuliko hapo. (Baraza pia hufuatilia vyeti vya mafunzo ya ulinzi wa watoto, ambavyo vimekuwa jambo zito tangu Kituo cha SafeSport, chombo cha Marekani cha kupambana na unyanyasaji michezoni, kianze kazi mwaka 2017, na hutukumbusha kabla havijaisha muda.)

Panapolegea ni kwenye fedha. Misaada ya wachezaji hutolewa kwa waliofika mashindano ya mchujo, yaani wale ambao tayari wana kocha wa kudumu na saa nyingi za barafu, na ambao kwa kawaida hutoka klabu kubwa. Mtoto aliyefaulu mtihani wake wa kwanza kwa viatu vya kukodi hapati kitu, na watu wazima wanaojifunza hawatajwi hata kwenye fomu. Isitoshe, majibu hutoka baada ya klabu kusaini mkataba wa uwanja, kwa hiyo msaada hauwezi kumsaidia mweka hazina kuamua ni saa ngapi za kununua. Kura nazo huhesabiwa kwa wingi wa wanachama. Tuliwahi kupendekeza tarehe ya maombi iwe ya mapema zaidi, hoja ikaangushwa na klabu mbili tu.

Klabu kubwa yenye majaji wake pengine itaona inatoa zaidi ya inavyopokea. Klabu ndogo ijiunge, itumie vifaa na jopo bila haya, impeleke mwanachama mmoja ajifunze ujaji, na isiweke hata senti ya msaada wa baraza kwenye bajeti yake mpaka tarehe hiyo ya maombi ibadilishwe.