Tangi jipya la maji chumvi limeota mwani: ununue nini kwanza, na nini ukiache dukani

Wiki ya tatu baada ya kujaza tangi, mchanga mweupe huanza kugeuka kahawia, utadhani mtu ameunyunyizia kakao. Kufika wiki ya sita au ya saba, mawe yameota nywele za kijani. Hapo ndipo mwenye tangi anapokimbilia dukani na kurudi na chupa ya dawa. Nakuomba usiende bado. Nafuga samaki wa maji chumvi hapa Mombasa mwaka wa tisa sasa, na fedha nyingi nilizopoteza nilizipoteza katika miezi mitatu ya mwanzo ya tangi langu la kwanza. Vitu nilivyonunua vilikuwa vizuri, ila nilianza na vile vilivyopasa kuja mwisho.

Kwanza jua unachokiona. Ule unga wa kahawia ni dayatomu, mwani mdogo sana usioonekana mmoja mmoja kwa macho. Chakula chake ni silika iliyomo kwenye mchanga mpya na kwenye maji ya bomba. Silika ikipungua, nao hupotea wenyewe, mara nyingi ndani ya wiki chache. Usiununulie chochote. Utando mwekundu unaobanduka kama ngozi na kushika viputo si mwani hasa, ni bakteria. Ufyonze kwa mpira siku ya kubadilisha maji, kisha geuza pampu ili mkondo upite pale maji yalipotuama.

Nywele za kijani ndizo zinazokula fedha za watu. Zinataka mwanga, na naitreti na fosfeti, yaani virutubisho vilivyoyeyuka majini, na tangi jipya lina vyote. Mawe yako wazi, hakuna kiumbe kilichoshika nafasi, basi mwani unafika wa kwanza. Mpangilio nitakaoutoa ni wa tangi la lita 200 au karibu na hapo, kuanzia kinachostahili fedha yako mapema.

1. Maji safi, pamoja na kipimo chake

Maji ya tangi hupungua kila siku kwa mvuke, lakini chumvi haipandi na mvuke. Kwa hiyo unaongeza maji yasiyo na chumvi. Ukiongeza ya bomba au ya kisima, kila jagi linaleta naitreti, fosfeti na silika kidogo, na hivyo navyo havipandi na mvuke. Vinabaki na kurundikana. Ndiyo sababu mtu anasugua mawe Jumamosi na Jumamosi inayofuata yamekuwa kijani tena.

Nunua kwanza kipima TDS, kile chenye umbo la kalamu, kinachoonyesha wingi wa vitu vilivyoyeyuka kwenye maji. Ni bei nafuu kuliko chupa nyingi za dawa. Mimi nilikichovya kwenye ndoo ya maji ya kisima chetu kikasoma 640, nikakaa chini. Maji yaliyopita kwenye chujio la RO, linalosukuma maji kupita utando mwembamba sana, na kumaliziwa na resini inayonasa kilichobaki, husoma 0.

Chujio lenyewe lina jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi: utando wa RO unataka msukumo wa karibu baa 4 ili ufanye kazi vizuri. Kila mita 10 za kimo hutoa takriban baa 1, kwa hiyo tangi la maji lililo juu ya paa la nyumba ya kawaida halifiki popote karibu na hapo. Ukiambiwa chujio linatoa lita 280 kwa siku, hizo ni lita za msukumo kamili. Nunua lenye pampu ya kuongeza msukumo, la sivyo utakesha unangoja ndoo moja. Maji yanayotupwa ni mengi, lita tatu au nne kwa kila lita moja safi. Nyumbani kwetu yanakwenda kwenye kudeki na chooni.

Kama chujio halijawezekana, nunua maji ya jerikeni ya lita 20 kwenye maduka yanayochuja kwa RO, lakini nenda na kalamu yako. Duka nililokuwa nikinunua lilisoma 85. Nikamuuliza mama mwenye duka, "Shikamoo mama, haya mnayatia kitu?" Akanijibu, "Marahaba mwanangu. Tunayatia madini kidogo yawe matamu." Kwa kunywa ni sawa kabisa. Kwa tangi nilimwomba anikingie kabla hayajatiwa, naye akakubali bila shida.

Watu wa pwani huniuliza, si tuchote tu bahari? Inawezekana, ukichagua mahali na wakati. Chota maji yakijaa, mbali na mikono ya bahari kama Tudor inayopokea maji machafu ya mji, na usichote kabisa masika yakiwa yamekolea, kwa kuwa mito inamwaga tope na mbolea. Asiyeweza hivyo anunue chumvi maalumu ya matangi, takriban gramu 35 kwa lita. Chumvi ya mezani haifai.

Kwenye fungu hili hili naweka vipimo vya naitreti na fosfeti. Kipimo cha kampuni ya Salifert kinatosha kwa naitreti. Kwa fosfeti napendelea kipimo cha kidijitali cha Hanna, kwa maana rangi za kulinganisha kwa macho ni nyepesi mno. Mimi naridhika na naitreti kati ya miligramu 2 na 10 kwa lita, fosfeti kati ya 0.03 na 0.1. Usikazane kufika sifuri, nitakueleza kwa nini.

2. Konokono

Hakuna mashine inayofanya kazi ya konokono. Wa kwanza ni Trochus, yule mwenye gamba la umbo la pia ya watoto. Anakula utando na nywele fupi, na zaidi ya yote akianguka chali anaweza kujigeuza mwenyewe. Turbo anakula zaidi, ni mkubwa na ana nguvu, lakini anaangusha vijiwe, na akianguka chali kwenye mchanga mara nyingi hawezi kuinuka. Asubuhi unamkuta amekufa, na mwili wake unaoza na kulisha mwani ule ule uliomnunulia. Cerith ni mdogo, anashuka hadi kwenye mchanga na pembe za mawe. Nassarius usimnunue kwa ajili ya mwani: huyo anakula mabaki ya chakula.

Anza na wachache, sita au wanane kwa lita 200. Wauzaji hutaja idadi kubwa, mwani ukiisha wanakufa njaa. Wazoeshe maji yako kwa tone tone kwa saa nzima au zaidi, maana tofauti ya chumvi huwaua haraka kuliko samaki. Nywele ndefu hawazili. Zing'oe kwanza kwa mkono na mswaki. Na kama uko pwani, tafadhali usiokote viumbe kwenye hifadhi, iwe Watamu, Kisite au Chumbe. Miamba ile inawahitaji kuliko matangi yetu.

Watu hutaka samaki wala mwani pia. Tafi ni mlaji hodari, kila mvuvi anajua, na kangaja naye. Ila tafi wetu wa pwani anapita sentimita 30, ana miiba yenye sumu, na tangi la lita 200 kwake ni jela. Tangi likiwa chini ya miezi minne, kila samaki unayeongeza analeta kinyesi zaidi ya mwani anaokula.

3. Skima

Mashine hii inasukuma viputo vidogo ambavyo hunasa uchafu na kuupandisha kama povu hadi kwenye kikombe. Fungua kikombe hicho baada ya siku nne: maji ya rangi ya chai nzito yenye harufu kali. Uchafu huo ungeoza na kuwa naitreti. Chagua iliyoandikiwa tangi kubwa kuliko lako, na uipe wiki moja au mbili itulie. Umeme ukikatika na kurudi inaweza kufurika, basi usijaze kikombe mpaka ukingoni.

4. Bustani ya mwani

Kama tangi lako lina chumba cha chini cha kuchujia, tia Chaetomorpha, mwani unaofanana na steeli waya ya kijani, na taa ndogo inayowaka usiku. Unakua pale badala ya kwenye mawe, unaupunguza, naitreti na fosfeti zinatoka nao. Epuka Caulerpa, kuna siku huyeyuka wote kwa mkupuo na kurudisha kila ulichokusanya.

5. Chembe za kunyonya fosfeti

Zinafanya kazi, na hapo ndipo hatari yake ilipo. Niliweka kipimo kamili cha pakiti, fosfeti ikashuka hadi sifuri kwa siku chache, kisha zikaja kamasi za kahawia zenye viputo, zinazopungua usiku na kurudi taa zikiwaka. Hizo ni dinoflageleti, viumbe vidogo sana vya seli moja, na zinashamiri pale wengine wote wanapokosa chakula. Zilinitesa miezi miwili na kuua konokono wangu. Tumia nusu ya kipimo, pima kila wiki.

6. Taa ya UV

Maji hupitishwa kwenye mwanga wake wa urujuanimno, nao unaua kinachoelea tu. Kilichoshika jiwe hakiguswi.

7. Dawa ya chupa

Ya mwisho. Yenye shaba inaua konokono, kamba na matumbawe. Hata isiyo na shaba, mwani mwingi ukifa kwa pamoja unaoza, oksijeni inashuka, na samaki wanapanda juu kuhema.

Pembeni ya orodha yote, kuna vitu vya bei ndogo ambavyo ningevinunua leo hii: taima ya kuzima taa baada ya saa saba au nane, mswaki mgumu, na sumaku ya kusugulia kioo. Sumaku hiyo ikague kila unapoisogeza karibu na mchanga, kwa sababu chembe moja ikinasa katikati inachora kioo mstari usiofutika.