Sheria moja ya akili mnemba, au kila msimamizi na sekta yake?

Umoja wa Ulaya wao wametunga sheria moja, imeanza rasmi Agosti 2024 ila inatekelezwa kwa awamu, inapanga mifumo kwa hatari zake, mfano programu ya kuchuja CV za waomba kazi iko kundi la hatari kubwa kwahiyo lazima awepo binadamu wa kuisimamia, na ukitumia mifumo iliyopigwa marufuku faini inafika hadi yuro milioni 35 au asilimia 7 ya mauzo ya dunia nzima. Uingereza 2023 walitoa kanuni 5 tu, wakawaachia wasimamizi waliopo wa kila sekta wazitumie. Njia yao nyepesi, inabadilika haraka, sawa. Lakini aliyetupwa nje na mashine anamlalamikia nani? Hapo mi nipo na Ulaya kabisa, japo makaratasi yao yatawaelemea wenye kampuni ndogo.