Tochi ya urujuanimno ya nanomita 365: inakuambia kioo kina nini, haikuambii nani alikitengeneza

Kwa anayekusanya vyombo vya kioo vya zamani: kama unachotafuta ni kioo cha urani tu, yaani kilichotiwa urani, tochi ya nanomita 395 (kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), ile ya rahisi inayouzwa kila mahali, inakutosha. Urani huwaka kijani kikali hata kabla hujazima taa ya chumbani. Tatizo la 395 ni zambarau nyingi inayomwaga, ambayo humeza mng'ao hafifu. Manganizi, madini yaliyokuwa yakitiwa kwenye kioo kuondoa rangi ya kijani inayoletwa na chuma, huwaka kijani cha mbali sana, na ukitumia 395 mara nyingi utaona zambarau tupu.

Ndiyo maana tochi ya 365 yenye kichujio cheusi mbele ya lenzi inastahili gharama ya ziada. Kichujio ndicho kiini. Bila hicho, hata taa ya 365 huvujisha weupe wa samawati unaodanganya macho. Betri nayo iwe imejaa, kwani ikishuka mng'ao wa manganizi ndio hutoweka kwanza.

Osha chombo na ukisuuze vizuri kabla ya kupima. Mabaki ya sabuni na nyuzi za kitambaa huwaka samawati, na wageni wa kazi hii hudhani wamegundua kitu. Zima taa, mulika ukingo au kitako pale kioo kilipo kinene, na usielekeze mwanga machoni. Ukipitisha tochi kwenye shingo ya mpini wa jagi na kukutana na mstari unaowaka tofauti na kioo chenyewe, hiyo ni gundi: chombo kilivunjika kikaungwa. Kwa hilo pekee tochi imejilipa.

Mahali inapong'ara kweli ni kwenye vile vyombo vizito vya kijani cha maziwa wanavyoviita jadeite. Vya kampuni ya Marekani ya McKee na vya zamani vya mwenzake Jeannette huwaka, kwa kuwa vina urani. Fire-King, chapa ya kampuni ya Anchor Hocking, kwa kawaida haiwaki. Vyombo viwili vinavyofanana mezani hutengana gizani.

Ila kuwaka si cheti cha umri. Kioo cha urani bado kinatengenezwa, na Mosser wa Marekani ni mmoja wa watengenezaji wake. Kwa nakshi iitwayo Madrid tochi haina msaada kabisa: kampuni ya Federal waliitoa miaka ya 1930, wakairudia 1976 kwa jina la Recollection huku wakificha tarakimu 76 ndani ya nakshi. Kalibu zilipofika kampuni ya Indiana Glass, tarakimu zikafutwa. Hapo unahitaji lenzi ya kukuza mara 10 na jicho linalojua rangi zilizotoka awali.

Lenzi hiyo hiyo ndiyo inayosoma alama za watengenezaji zilizo kitakoni. H iliyokaa juu ya a ndogo ni Hazel-Atlas, si Anchor Hocking. Wa pili huweka nanga juu ya H. H ndani ya almasi ni Heisey, ingawa vyombo vyake vingi vilitoka na kibandiko tu, na vibandiko havidumu. Jina la kampuni ya Fenton ndani ya duara la yai lenye 8 chini yake ni la miaka ya 1980. Lenye 9 ni la miaka ya 1990.

Hukumu: nunua ya 365 yenye kichujio, na lenzi uinunue siku hiyo hiyo. Ukilazimika kuchagua kimoja, anza na lenzi.