Refraktomita ya Tangi la Maji Chumvi: Usiishie Kwenye Sifuri!
Habari zenu watu wangu wa Mwanza na kwingineko, karibuni tena. Leo nina raha, refraktomita hii hapa mkononi, kifaa cha kupima chumvi ya maji kwa jinsi mwanga unavyopinda! Najua wengi wenu mnafuga furu, samaki wa Ziwa Victoria, na maji ya ziwa letu ni baridi, yaani si ya chumvi, hamna haja ya kupima chumvi. Lakini ukitaka samaki wa Bahari ya Hindi hapa Capri Point, bahari unaitengeneza mwenyewe kwenye ndoo, na inatakiwa ifike 35, yaani gramu 35 za chumvi katika kila kilo ya maji hayo. Ya kwenye boksi siyasomi, mnayajua.

Sogeza kamera. Nafungua kifuniko, nadondosha matone mawili, nafunika taratibu. Oneni, hakuna kiputo. Nasubiri nusu dakika maji yalingane joto na kioo. Sasa naelekeza kwenye mwanga, nachungulia. Bluu juu, nyeupe chini, zinapokutana ndipo unasoma. 35! Jamani, mstari umenyooka!

Sasa nisikilizeni. Karatasi ya maelekezo inasema weka maji matupu, zungusha skrubu isome 0. Usiishie hapo! Nyingi za bei nafuu zimepangwa kwa chumvi ya mezani, si kwa maji ya bahari. Ukiishia kwenye 0, bahari ya 35 itakusomea kama 36 na nusu. Utaongeza maji, samaki wabaki na chumvi pungufu. Fanya hivi: chumvi ya mezani gramu 36.5, maji yaliyotolewa madini gramu 963.5, jumla kilo moja. Humo mwanga unapinda sawasawa na kwenye maji ya bahari ya 35. Dondosha, zungusha skrubu mpaka 35. Basi!

Mtaniuliza haidromita, kipimo kingine cha chumvi, ile ya mkono wa plastiki unaoelea majini. Bei nafuu, kweli. Ila kiputo kikinasa, mkono unapanda, unasoma chumvi ambayo haipo. Inaniudhi! Haya, ya kuchanganyia kwenye ndoo sikukatazi. Kwenye tangi la matumbawe, hapana.

Tena kwa jua letu hili maji yanapungua upesi, chumvi inabaki. Jazia maji baridi, msijazie ya chumvi.

Bei ya kifaa si mbaya, kinachouma ni usafiri mpaka Mwanza, kwa hiyo agizeni kwa pamoja. Video ijayo naleta kipimo cha kidijitali tukipambanishe na hiki. Jiungeni na chaneli, na mwenye refraktomita aniandikie hapo chini: kwa myeyusho ule, yako imesoma ngapi kabla hujagusa skrubu?