Miezi minane na Anki: msamiati umepanda, ila kadi moja iliniponza

Kiingereza changu si cha kuombea maji. Sekondari yote nimesoma kwa lugha hiyo. Kilichonitoa jasho ni insha za IELTS, ule mtihani wa kimataifa wa Kiingereza. Kwangu kila kitu kilikuwa "good", "bad" au "very important", na kwenye uandishi msamiati peke yake unabeba robo ya alama. Ndipo nikaingiza Anki kwenye simu.

Ni programu ya kadi: mbele neno, nyuma maana. Ukilikumbuka kwa wepesi, kadi inapotea siku kadhaa kabla ya kurudi. Ukisahau, unakutana nayo leo leo. Kwenye Android na kompyuta ni bure, kwenye iPhone inalipiwa. Halafu haili bando. Nilikuwa napitia kadi ndani ya daladala la Mbagala, nimesimama, mkono mmoja umeshika bomba.

Pupa ndiyo iliyoniharibia. Nilipakua furushi la mtu lenye maelfu ya maneno, nikaacha kadi mpya 20 kwa siku kama programu ilivyokuja. Wiki ya tatu, marudio yalishapita mia kila asubuhi, nikawa nabonyeza tu ili yaishe. Na maana zenyewe zilikuwa za mkato. "Notorious": maarufu. Basi nami, kwenye kadi ya kumuaga bosi wetu aliyekuwa anastaafu, nikamsifu kuwa ni kiongozi "notorious". Mzee wa watu alicheka hadi akavua miwani. Wenzangu wawili hawakucheka. Kumbe neno hilo ni la mtu aliyevuma kwa ubaya, jambazi kwa mfano!

Nikafuta furushi zima. Sasa natengeneza kadi mwenyewe, saba kwa siku, na neno haliingii bila sentensi kamili niliyokutana nayo nikisoma. Nachagua kutoka orodha ya mtafiti wa msamiati Averil Coxhead ya mwaka 2000, familia 570 za maneno ya kitaaluma (familia ni neno pamoja na maumbo yake mengine). Hayana madoido: "derive", "significant", "constrain". Lakini fungua makala yoyote ya chuo, utayakuta yamejaa.

Nyota 4 kati ya 5. Moja nimeikata kwa sababu kadi inakukumbusha neno tu, haikuambii kama umelitumia panapostahili. Kwa hilo bado namsumbua dada yangu, mwalimu wa Kiingereza, naye siku hizi kila sentensi ananidai soda.