Kalenda ya kuchana ya matukio ya kale: utamu upo, gundi ndio shida

Nilinunua hii kalenda River Road, Nairobi, mia tatu hamsini baada ya kuvutana bei na jamaa wa kibandani. Utamu uko ndani bana, karatasi ya 12 Desemba inakuambia uhuru wetu Kenya 1963, jamhuri 1964, halafu siku hiyohiyo 1901 mvumbuzi Marconi akanasa mawimbi ya redio kutoka ng'ambo ya Atlantiki, hiyo sikuwa najua. Ya 4 Julai ndio iliniacha mdomo wazi, Adams na Jefferson, wote walikuwa marais wa Marekani, walikufa siku moja 1826! Lakini 7 Agosti 1998 wameandika bomu la Nairobi peke yake, na lile la Dar es Salaam siku hiyohiyo je? Halafu gundi wamemwaga, ukichana ya leo ya kesho inakuja nayo. Nyota tatu.