Kansas, albamu ya kwanza (1974): nyota moja, hapana, nne

Ngoja nimalizane na muuzaji kwanza, maana bila hivyo nitashindwa kuzungumzia muziki.

Duka la santuri za mtumba hapa Kansas City, upande wa Missouri, jina silitaji. Nimefika kaunta na albamu ya kwanza ya bendi ya roki ya Kansas, ile yenye mzee mwenye ndevu ndefu kwenye jalada. Jamaa kaitazama, kanitazama mimi, kasema rapu iko kule nyuma. Nani kakuuliza rapu? Nikamwambia naichukua hii hii. Akauliza ni zawadi ya nani. Zawadi! Utasema kuna sheria ya jimbo la Missouri inayonikataza gitaa.

Na jalada lenyewe kalishika mkononi! Yule mzee ni John Brown, katika mchoro wa ukutani wa John Steuart Curry ulioko ndani ya jengo la bunge la jimbo la Kansas, Topeka. Nimeshakwenda kuuona. Biblia mkono huu, bunduki mkono ule, nyuma yake kimbunga na moto. Mzungu aliyeshika silaha watumwa waachiwe, akanyongwa mwaka 1859. Wewe unaiuza sura ya mtu huyo, halafu mteja mweusi akija nayo kaunta unamwelekeza nyuma ya duka?

Nililipa. Kuiacha pale kungemfurahisha.

Sasa, roki ya progresivu, yaani hii ya nyimbo ndefu zinazogeuka-geuka, haitaki kusikilizwa na mtu aliyenuna. Kila kitu kilinikera. "Can I Tell You" niliona wanakimbizana bure. "Bringing It Back" wala si wao, ni wimbo wa J.J. Cale, bendi ina Kerry Livgren ndani, mtunzi wa uzito ule, mnaazima wimbo wa nini kwenye albamu ya kwanza, tena mnauweka wa pili? "Lonely Wind", mwimbaji Steve Walsh anadeka. Kichwani nilishatoa nyota moja, na hiyo moja ni ya John Brown.

Mwisho wa upande wa kwanza ikaja "Journey from Mariabronn". Mariabronn ni monasteri kwenye riwaya ya Hermann Hesse, lakini hata usipojua hilo hupungukiwi kitu. Karibu dakika nane, na sikumbuki kukaa. Nimesimama tu mbele ya spika. Mimi nimekulia kwenye taarabu, fidla naijua ikibembeleza. Hii ya Robby Steinhardt haibembelezi mtu. Inaingia katikati ya gitaa na kinanda kudai nafasi yake, inaipata, kisha wote wanageuza kona kwa pamoja na Phil Ehart kwenye ngoma hajikwai. Bendi nyingi za Marekani wakati ule zilikuwa zikiwatazama Waingereza zijue progresivu inapigwaje. Hawa wa Topeka nao waliwasikiliza, inasikika wazi, ila kuna roho ya baa ya mjini kwao ambayo hawakuiazima popote.

Upande wa pili sikutaka hata kupokea simu. "Apercu" ni ndefu na kuna mahali inapotea njia, nakubali, hasa kwa asiye na subira. Lakini "Death of Mother Nature Suite"! Wimbo mzima unawashtaki binadamu kwa kuiua dunia, na hawaimbi kwa huzuni, wanaimba kwa ghadhabu. Mimi nilikuwa na ya kwangu tangu asubuhi. Nikaongeza sauti mpaka jirani akagonga ukuta, nikaongeza tena.

Mnaowajua kwa "Dust in the Wind" tu, ule wa 1977, msije kutafuta upole huo hapa. Hakuna. Na sauti za kurekodi kwenye nakala yangu zimebanwa kidogo, gitaa la besi la Dave Hope unalitafuta. Kama ni kosa la studio au la santuri iliyochoka, sitagombana na mtu.

Nyota nne. Au tatu na nusu, kwa sababu ule wimbo wa Cale siwasamehe. Ingawa, kusema kweli, siku hizi ndio ninaoupigia mluzi nikiosha vyombo, na ile fidla wameichomeka ndani yake vizuri mno kuliko nilivyotaka kukiri siku ile. Haya, nne kamili. Anayeuza kwa bei ya haki na kwa adabu, nunueni. Asiye na adabu mwachieni mzigo wake, hata kama ni nakala safi.

Ya pili yao, "Song for America" ya 1975, nimeshaiagiza kwa posta. Ikija na mikwaruzo mtanisikia.